Mgodi Ndani ya Miwani

Felista alikuwa anapukuchua mahindi uani, nyumbani kwake Matongo, binti yake Wegesa alipomletea karatasi ya chuo. Wegesa alikuwa mwaka wa tatu, anasomea uhandisi wa migodi. Baada ya wiki mbili alitakiwa kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo katika mgodi wa chini ya ardhi.

"Sitaki," Felista alisema. "Soma vitabu. Huko chini usiende."

Wegesa hakubishana. Alijua sababu. Miaka kumi na miwili iliyopita baba yake, Heche, alifukiwa na kifusi katika shimo la wachimbaji wadogo. Alitolewa hai baada ya kukaa humo muda wa saa tisa. Tangu siku hiyo alilima na kufuga ng'ombe, na habari za shimo hakuzitaja.

Jumamosi alifika mwalimu wa Wegesa, aliyeitwa Honoratha, mwenyeji wa Kagera. Alikuwa amekuja Tarime kukagua wanafunzi walio kwenye mafunzo. Baada ya salamu na chai, alitoa kwenye begi miwani kubwa nyeusi, inayoziba macho yote.

"Hii ni ziara pepe," alieleza. "Tuliupiga picha mgodi uleule anaokwenda Wegesa, kila upande. Ukivaa miwani, unaona kama uko ndani. Ukigeuza kichwa, unaona na nyuma yako."

"Basi si asomee hapo?" Felista aliuliza. "Ashuke tena kwa nini?"

"Mama, zamani tulipeleka wanafunzi sitini mgodini kwa siku moja tu. Wa nyuma hawakuona kitu. Sasa kila mmoja anazunguka hata mara ishirini. Anakosea, anarudia, na hakuna anayeumia. Lakini miwani haiufundishi mkono kushika mashine. Hilo analipata kulekule. Ziara inamwandaa."

Felista aliivaa akiwa amekaa, kama alivyoelekezwa, asije akapata kizunguzungu. Aliona njia ndefu ikizama ndani ya mwamba. Akaivua.

"Nipe mimi," Heche alisema, akiwa amekaa pembeni.

Hakuna aliyelitegemea hilo. Heche aliivaa. Aligeuza kichwa polepole, akatazama juu.

"Huu wavu wa chuma ni wa nini?"

"Unazuia mawe yasianguke, baba," Wegesa alijibu.

"Na hiki chumba?"

"Cha kujihifadhi. Kina hewa na maji. Njia ikiziba, tunasubiri humo. Mbele kushoto kuna njia ya pili ya kutokea."

Heche aliivua miwani, akafuta macho.

"Sisi tulikuwa na tundu moja," alisema. "La kuingilia ndilo la kutokea. Mama Wegesa, huku siko nilikokuwa mimi."

Felista alimtazama mumewe. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nionyeshe hiyo njia ya pili."

Akaivaa tena miwani, na hakuivua mpaka alipoiona. Jioni alimruhusu Wegesa aende.

Siku ya kwanza mgodini, msimamizi aliwauliza wanafunzi wangekimbilia wapi moshi ukitokea. Wegesa alinyoosha mkono moja kwa moja kuelekea chumba cha kujihifadhi, bila kuhangaika. Wiki ya tatu alikabidhiwa kifaa cha kupima hewa, akawa anafanya kazi mwenyewe.

Nyumbani Matongo, jirani yao Nice alipita akauliza, "Mama Wegesa, binti simwoni. Yuko wapi siku hizi?"

"Yuko chini ya ardhi, mita mia tatu," Felista alijibu huku akipepeta mtama. "Atatoka saa kumi."