Mkanda wa Mwisho wa Vyura

Namalwa tulisali naye kanisa moja, na si mtu wa kutunga mambo. Mwaka wa hamsini na nane aliajiriwa Kileleshwa na Mzungu mmoja, mama aliyekuja miezi mitatu kurekodi vyura wa madimbwi ya Dagoretti. Siku ya Mzungu kuondoka ilibaki kazi moja: kusikiliza mkanda wa mwisho na kuandika kilichomo. Akimaliza angepewa barua ya kuombea kazi hospitalini. Bila barua hiyo, angerudi Bungoma na watoto wake wawili.

"Iko tayari?" Mzungu aliuliza.

"Bado moja, memsabu."

"Vyura wanapanda ndege," dereva Nashon akacheka, "na mimi hata Mombasa sijafika!"

Namalwa alijifungia stoo, akaziba dirisha kwa blanketi kuzuia kelele, akauwasha mkanda. Mle gizani vyura walilia, kisha wakanyamaza wote pamoja. Sauti ya mwanamke ikaita kwa upole: "Namalwa."

Kwao, usiyemwona humwitikii mpaka aite mara ya tatu. Lakini alikuwa amechoka, na mawazo yote yalikuwa kwenye barua.

"Ee?" akaitika.

Mkanda ukabaki kimya. Akaurudisha nyuma asikie vizuri. Maikrofoni ilikuwa imeshafungwa sandukuni tangu asubuhi. Vyura wakalia, wakanyamaza, jina lake likaitwa. Kisha, mle mle kwenye mkanda, kwa sauti yake mwenyewe: "Ee?"

Baada ya hapo zikasikika nyayo ndani ya maji, polepole, zikija.