Kijiko cha Mfuto

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakoloni walipowafungia watu katika vijiji vyenye ua. Kila asubuhi lango la kijiji cha Kibugu lilipofunguliwa, wanawake walitoka kwenda shambani. Wambura alibaki na mjukuu wake Mbae, mtoto wa miezi mitatu. Mama yake Mbae alifariki alipomzaa.

Mbae aliishi kwa maziwa ya unga wa mkebe, na Wambura alimpimia kwa moyo mweupe. Sokoni, kibaba cha maharagwe kisicho na kilele ni matusi. Mchuuzi anayekifuta kwa mkono hurudi na mzigo wake nyumbani. Sasa nani atamfutia yatima? Basi kila kijiko kilikuwa na mlima juu yake.

Lakini Mbae alizidi kunyauka. Midomo ilikauka. Alilia bila machozi. Wambura akaongeza unga, huku akiogopa kuchimba kaburi la pili.

Siku moja aliingia Cicily, muuguzi wa zahanati, akamtazama mtoto.

"Cucu, bibi yangu, hebu pima maziwa nione."

Wambura akapima. Cicily akamshika mkono.

"Hapana! Hapa kwa mkebe wameandika Kiingereza: *level*. Maji yakitulia kwa karai, juu yake ni *level*. Hakuna kilima, hakuna shimo. Kijiko nacho ni hivyo. Kijiko cha mfuto."

"Mfuto ni wa wachoyo, mwanangu!"

"Kwa maharagwe, sawa. Yakizidi utabakisha kwa sufuria. Lakini kwa huyu, unga ukizidi unamkausha maji mwilini. Analilia kiu, cucu, si njaa."

Cicily akapitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko. Kilele kikaanguka kwenye kiganja cha Wambura. Akakitazama. Unga kidogo hivi, usiojaza hata kiganja! Ndio uliokuwa ukimuua mtoto, na mkono wa kuumimina ulikuwa wake mwenyewe.

"Beba mtoto, twende zahanati," Cicily akasema.

Walikaa huko siku mbili. Siku ya tatu, nyumbani, Mbae alilia, na chozi likateremka shavuni.

"Njooni mwone!" Wambura alipiga kelele. "Mtoto analia machozi!"

Majirani walikuja mbio, wakamkuta bibi anacheza ngoma kwa sababu mtoto analia.

Sokoni, Wambura hakubadilika: bila kilele, hanunui. Lakini nyumbani, kila alipopima maziwa, alikifuta kijiko kwa mgongo wa kisu, polepole, huku amebana pumzi.