Miwani ya Kapera na Radhi ya Mama

"Hivi, Nyamizi, huyo mumeo anasafiri kwenda wapi kila siku, na mbona simwoni akitoka?"

Bi Zamda, jirani wa mlango wa pili, aliwahi kuuliza hivyo wakiwa kwenye foleni ya roboti la maji. Nyamizi alimjibu kwa kujivuna kidogo, Mungu amsamehe, kwamba mumewe huenda mwezini asubuhi na kurudi jioni, wala hainuki kitini. Alisema alivyoambiwa.

Siku hizo kila nyumba ya Ng'ambo, pale Tabora, ilikuwa na miwani-dunia. Lilikuwa lidude la kuvaa usoni, jeusi, la kufunga kisogoni kwa mkanda. Ndani yake mlikuwa na vioo viwili vya nuru, kila kimoja kidogo kuliko biskuti, na vihisi vilivyofuata jicho linakotazama na kidole kinakokwenda. Ukilivaa, chumba chako kinapotea. Watoto walitembea chini kabisa ya ziwa Tanganyika na kurudi kula ugali nguo zikiwa kavu. Wagonjwa walihudhuria harusi za wajukuu. Na wale walioitwa mafundi-mbali waliendesha mitambo ya kutandika reli kule mwezini wakiwa wamekaa vitini mwao na kikoi kiunoni.

Kapera, mume wa Nyamizi, alikuwa fundi-mbali. Aliwaeleza watu wa nyumbani kwamba mtambo wake una uzito wa nyumba tatu, na chini yake wapo wafanyakazi. Mkono wake ukitikisika, watu wanakufa. Kwa hiyo akivaa miwani asiguswe, asiitwe. Nyumba nzima ikajifunza kutembea kwa ncha za vidole. Nyamizi alikwenda kutwanga kisamvu kwa Bi Zamda ili kinu kisimshtue bwana. Uji aliuweka karibu na mkono wake na kuondoka kimya, kama anayemwekea mfalme.

Katika chumba cha ndani alilala Bi Kalunde, mama mzazi wa Kapera. Miaka miwili alilala humo. Roboti la hospitali lilikuja kila asubuhi, likapima, likaandika, likaenda zake. Kugeuza, kuosha, kulisha, kusikiliza hadithi ile ile mara ya mia, hiyo ilikuwa kazi ya Nyamizi. Kutoka kitandani pa mama hadi kiti cha mwana zilikuwa hatua nane.

Jumanne moja baada ya alasiri pumzi ya mama ilibadilika. Alimwita mwanawe mara tatu. Nyamizi akazipiga zile hatua nane, akasimama nyuma ya kiti, akanyoosha mkono. Kisha akawakumbuka wale wafanyakazi walio chini ya mtambo, nao wana mama zao. Akaurudisha mkono. Akarudi ndani kumweleza mgonjwa kwamba mwanawe ameshika roho za watu.

"Basi mwambie radhi yangu anayo," alisema Bi Kalunde. "Aliyeshika roho za watu hadaiwi kuja. Angekuwa amekaa tu, ningeondoka na kinyongo."

Nyamizi akamtamkisha shahada, na haukupita muda akafa.

Katika ukoo wao radhi ya mzazi haipokelewi mlangoni. Hutolewa siku ya tatu, baada ya kisomo, mbele ya wazee, na aliyekuwepo kitandani ndiye anayeitoa. Nyamizi akayaweka maneno yale kama amana. Lakini kila aliposujudu aliuona mkono wake ukirudi nyuma. Alimwomba Mungu jambo moja tu, amjulishe kama alifanya sawa.

Siku ya tatu ikafika. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani. Mfiwa mwenyewe alikaa sebuleni na lile lidude usoni. Aliwaambia wazee kwamba amekwenda Makka kwa njia ya miwani, na kwamba anamsomea mama yake mbele ya Kaaba yenyewe. Wazee wawili watatu wakasema mashallah. Mmoja akafuta chozi.

Nyamizi, aliyekuwa akipita na sinia la tende, aliona kikoi cha mumewe kinachezacheza mapajani. Chini ya kikoi kulikuwa na vidole gumba viwili vinavyobonyeza kitu. Alikuwa amesoma madrasa tangu ana miaka mitano, na hakukumbuka kisomo cha vidole gumba. Akaendelea kugawa tende.

Ndipo akaingia Bi Mwamvita Pazi. Huyu alikuwa Mzaramo aliyeolewa Tabora, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, hakuna matanga ya Ng'ambo yaliyomkosa. Alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, anachechemea kama marehemu enzi zake, anakohoa kikohozi chake kile kile, na analalamika kwamba tangu afe hajapewa hata chai. Waliokuwa wakilia wakacheka huku wanalia. Alikwisha kunyakua fimbo ya imamu na upawa wa pilau. Mtani hakasirikiwi msibani. Akikuchukulia kitu, unambembeleza hadi akurudishie, na ukinuna umejiaibisha wewe na ukoo wako. Jambo hilo hata watoto walilijua. Fundi wa mwezini nusura alisahau.

Bi Mwamvita akasimama mbele yake. "Na huyu mwanangu mbona wamemfunika uso kama jogoo anayepelekwa mnadani?"

Kapera hakumsikia. Mtani akaichomoa miwani kisogoni kwa mkono mmoja, akaivaa yeye.

Aligeuza kichwa kulia, akageuza kushoto.

"Makka imebadilika," alisema. "Naona chumba cheusi, hakina hata mkeka. Katikati wametundika televisheni. Kubwa, siwezi kusema uongo. Na ndani ya televisheni kuna vijitu bapa vinakimbiza mpira, vile vya gemu ya zamani aliyocheza babu yangu sebuleni kwake."

Miwani ikasema yenyewe, kwa sauti ya kike yenye adabu, na sebule nzima ikasikia: "Karibu tena, Kapera. Mchezo umesimama dakika ya sitini na tatu. Unaongoza mabao mawili kwa moja. Tuendelee?"

"Anaongoza," alisema Bi Mwamvita. "Mpeni mfiwa hongera."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kapera alinyoosha mkono kunyang'anya, akakumbuka msiba na utani, akaukunja. Akaanza kueleza. Alieleza kwamba zile dunia za kuzungukazunguka zinamtia kizunguzungu, lakini ukiitumia miwani kama skrini tu, unapata skrini pana kama ukuta wa stesheni, picha safi, jua haliakisi, shingo haiumi, na hakuna mtu anayekukatiza mbele. Alieleza kama muuzaji. Watu walimsikiliza kama unavyomsikiliza mtoto aliyejichafua akieleza jinsi ilivyokuwa.

Nyamizi alimtazama, na heshima ya miaka kumi na minne ikamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Watu wenye elimu zao walikesha miaka na miaka wakatengeneza chombo cha kumfikisha kwenye nyumba ya Mungu mja asiyeweza kuifikia kwa miguu. Jitu zima likakichukua, likajifungia gizani, likatundika televisheni, likacheza kijimpira. Na mlango wa mama yake ulikuwa palepale, hauhitaji chombo chochote.

Akaipokea miwani mikononi mwa Bi Mwamvita. Hakuivaa. Aliishika mbali na kifua, kama mtu anayetoa panya mtegoni.

"Jumanne baada ya alasiri," aliiuliza, "alikuwa wapi?"

"Jumanne, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni," ilijibu sauti, "ligi ya nyumbani. Mechi tano."

"Na kazi ya mwezini?"

"Kazi ya mwisho ya ufundi-mbali ilifanyika miezi ishirini na minane iliyopita. Mitambo yote sasa inaendeshwa na akili mnemba. Ungependa kusomewa barua ya kuagwa kazini?"

"Hapana."

Kapera aliinamisha kichwa. Alisema, kwa sauti ya kumezwa, kwamba aliona aibu. Atamwambiaje mama kwamba kazi yake imechukuliwa na kitu kisicho na mikono? Baadhi ya wazee, waliokuwa wamesogea mlangoni, walilegea nyuso. Huenda hilo lilikuwa kweli. Lakini mtaa ule ulijaa wanaume walioachishwa kazi na akili mnemba, na walikaa barazani wakibangua karanga na mama zao. Hakuna aliyewauliza cheo.

Mzee Mlekwa, kaka wa marehemu, akakohoa, akayageuza maneno kama wazee wanavyofanya pakiharibika. Alisema kisomo kimekwisha, siku ya tatu ndiyo hii, na aliyekuwa kitandani pa marehemu aseme aliachiwa nini. Watu wakakaa vizuri. Hata Bi Mwamvita alivua ile kanga, akaikunja.

Kapera akainua uso. Alama ya lile lidude ilikuwa bado imemchora shavuni hadi puani.

"Mke wangu," alisema, "mama aliniachia radhi?"

Maneno yalikuwa mdomoni mwa Nyamizi, kamili, kama alivyoyapokea. Alitaka kuyatoa, maana amana humwelemea aliyeishika. Lakini marehemu aliitoa radhi ile kwa mtu aliyeshika roho za watu, na Nyamizi alizungusha macho sebuleni akimtafuta mtu huyo. Aliwaona majirani, wazee, watani. Kwenye kiti alikuwapo mwanaume mwenye alama shavuni, anayesubiri.

Aliweka miwani mapajani mwa Kapera, ikiwa bado inawaka. Akajitanda ushungi vizuri, akapita katikati ya wanawake waliokunja miguu kumpisha, akapita chini ya turubai, akatoka, radhi ikiwa bado mdomoni mwake.