Kidole Chini ya Ukurasa

Kidole kiligonga ukurasa kabla fundi miwani hajafika mstari wa mwisho. Kiligonga mara mbili, polepole, chini upande wa kushoto, palepale alipozoea kugonga marehemu mkewe.

Fundi aliinua macho. Taa ilikuwa inawaka, dirisha limefungwa, mvua ya jioni ikinyesha juu ya bati la jirani. Upande wa pili wa kochi palikuwa na mto na shali iliyokunjwa, basi. Alimalizia mistari iliyobaki, akafungua ukurasa. Moyo ulimwenda mbio, lakini kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Miaka yote ya ndoa yao walisoma kitabu kimoja wawili. Mwanzoni sababu ilikuwa uhaba wa vitabu, baadaye mazoea, na mwishowe hiyo ndiyo ikawa ndoa yenyewe: vichwa viwili chini ya taa moja, yeye kulia, mkewe kushoto. Fundi alisoma kama mtu mwenye kiu anavyokunywa maji. Mkewe alisoma midomo ikicheza, neno kwa neno, na akifika chini hugonga pembe ya ukurasa kumruhusu mumewe afungue. "Macho Manne," humtania kwa sababu ya miwani yake, "macho yote hayo, na subira huna hata chembe." Lakini subira alikuwa nayo. Alipofiwa aliendelea kusubiri: kila akifika chini ya ukurasa hutulia kidogo, ndipo afungue.

Hakuwahi kumwambia mtu, mpaka siku aliposema kwenye kundi.

Lilikuwa kundi la wasomaji kwenye simu, watu wasiojuana sura, wanaojuana kwa vitabu. Mama mmoja waliyemwita Mwenyekiti aliuliza swali: una tabia gani ya kusoma ambayo unaona haya kuisema? Majibu yakamiminika. Mmoja aliyejiita Bwana Mwisho alikiri kwamba huanza na sura ya mwisho, ajue nani atakufa ili asimzoee. Mwingine hunusa kitabu kabla ya kulipa, na mwenye duka keshachoka naye. Mwalimu mmoja alisema hukunja pembe za kurasa, akashambuliwa jioni nzima.

"Mkunja kurasa hafai kuachiwa watoto," aliandika Bwana Mwisho.

"Na wewe unayeanzia mwisho, harusi yako uliifungua na talaka?" alijibu mwalimu.

Fundi alicheka peke yake sebuleni, na kicheko chake kikamshangaza, kilikuwa hakijasikika humo siku nyingi. Akajikuta anaandika habari za kidole na kusubiri. Kundi likajaa pole na mioyo myekundu. Mwenyekiti akasema, "Wiki hii tusome wote kama kaka yetu. Ukifika chini ya ukurasa mwachie nafasi uliyempoteza. Mkaribishe, aje asome nawe." Alikuwa na nia njema. Wote walikuwa na nia njema.

Kesho yake ndipo kidole kilipogonga.

Siku za kwanza fundi alikimbilia nyumbani kama bwana harusi. Dukani alikata lenzi huku akipiga mluzi, wateja wakamwuliza ameokota nini. Akifika nyumbani huketi kulia, hufungua kitabu, na kidole hugonga. Kwamba kiligonga mapema aliliona, akajipa jibu: huenda huko aliko wamemfundisha kusoma upesi. Kikaanza kugonga akiwa bado katikati ya ukurasa, naye akafungua, asije akamkasirisha. Siku nyingine kikagonga akiwa kwenye aya ya kwanza. Akafungua. Vitabu vikawa vinamalizika bila yeye kujua kilichotokea ndani. Karatasi zikabaki na mabonde madogo pale chini, kama zimebonyezwa kwa ukucha, na mkewe hakuwahi kufuga kucha. Sebule ikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Dada yake alikuja kumtazama, akasimama mlangoni ameziba pua.

"Kaka, umechoma nini humu?"

"Sijachoma kitu."

"Na umekonda kama fremu zako. Unakula?"

Fundi alitazama upande wa kushoto wa kochi, akashusha sauti. "Wifi yako amerudi."

Dada aliketi polepole, mbali na kochi. Naye akanong'ona. "Amerudi kufanya nini?"

"Kusoma. Anasoma upesi siku hizi, mimi ndiye ninayemchelewesha."

"Wifi yangu mimi? Aliyekuwa anasoma karatasi ya dawa mpaka homa inapoa yenyewe?"

Fundi alifungua kinywa acheke, na kicheko hakikuja, maana alilitafuta jambo hilo kichwani asilione. Alimtafuta mkewe akisoma, midomo yake, mkono wake kwenye ukurasa, akaona mkono mrefu mweusi wenye kucha, usio na mtu nyuma yake.

"Dada," alisema, "alikuwa anasomaje?"

"Wewe ndiye unayeniuliza mimi?"

Jioni ileile dada alimpeleka kwa mganga, mama mnyamavu aliyekuwa na chumba nyuma ya duka la vitambaa. Mganga alimsikiliza fundi mpaka mwisho, hakuwasha kitu.

"Hata ubani hakuna?" aliuliza dada, kama mtu aliyepunjwa.

"Kwa ubani mgeni wako atakohoa kidogo, kisha atauzoea kama sisi." Mganga alimgeukia fundi. "Anayegonga, anakusubiri umalize?"

"Hapana."

"Na mkeo?"

"Mke wangu mimi ndiye niliyekuwa namsubiri."

"Basi huyo ni jini. Mlikaribisha bila kutaja jina, mkaacha nafasi wazi, likapita likakaa. Na kila unapofungua ukurasa kwa amri yake, unalikatia kipande cha marehemu. Bado kidogo hutabaki na kitu cha kukata."

Fundi akauliza lile lililokuwa limemkaa moyoni tangu mwanzo. "Nikilifukuza, jioni nitakuwa na nani?"

"Utakuwa na marehemu. Si sawa na kuwa na mtu, sitakudanganya." Mganga akaendelea kwa upole, "Kaa mahali pake. Soma kwa mwendo wake, neno kwa neno, na ukifika chini msubiri yeye, si hilo. Jini linaweza mengi. Kusubiri haliwezi."

Dada alitaka kulala kwake, fundi akakataa. Alihamisha taa, akausogeza mto kulia, akaketi upande wa kushoto, na baridi ya pale ilimpanda mpaka mabegani. Alifungua kitabu. Akaanza kusoma midomo ikicheza, kwa shida, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kidole kiligonga mara moja. Hakufungua.

Kikagonga tena, kwa ukucha, naye akasema neno linalofuata, na linalofuata, na harufu ya nywele ikaja nzito mpaka macho yakamchuruzika, na mto ulio upande wa kulia, mahali pake yeye mwenyewe, ukadidimia kama umekaliwa, na kugonga kukahama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kochi, kwenye ukuta, kwenye mfupa wa goti lake, haraka, haraka zaidi, kama mvua ya mawe, huku yeye akilishika kila neno kwa midomo asiliachie mpaka liishe, na mahali fulani katikati ya ukurasa midomo ikapata mwendo wake, ule wa mkewe, pale anapopumua na pale anaporudia neno alilolipenda, akamwona tena, ule mwanya wake wa meno, ule mkono mfupi wa kucha zilizokatwa, na papo hapo sauti ya mkewe, ileile, ikamwambia sikioni kwa upande wa kulia, "Macho Manne, fungua."

Akasita. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika pembe ya ukurasa.

Lakini mkewe hakuwahi kusema fungua. Aligonga tu.

Fundi alifika mstari wa mwisho, akaondoa mkono, akasubiri. Alisubiri kwa kadiri ambayo mkewe angehitaji, kisha zaidi kidogo, kwa ajili ya lile neno ambalo angelirudia. Kitu kilipita mbele ya taa. Mto ukainuka taratibu. Harufu ikatoka kama imevutwa kwa kamba, na nyumba ikawa kimya kabisa. Alifungua ukurasa mwenyewe, na hapo ndipo alipolia, kama siku ya maziko.

Asubuhi aliandika kwenye kundi, kuwaomba wote waache kukaribisha mtu chini ya ukurasa. Alieleza alivyoweza. Bwana Mwisho akasema yeye hakuwahi kufika chini ya ukurasa wowote, wakacheka, Mwenyekiti akaomba radhi, mazungumzo yakageukia mkunja kurasa.

Ila ujumbe mmoja ulimjia fundi faragha. Ulitoka kwa mjane mmoja ambaye tangu ajiunge hakuwahi kuandika neno kundini.

"Kaka, tafadhali usiniambie niache. Kwangu amekuja kweli."

"Anagonga kabla hujamaliza kusoma?" aliuliza fundi.

"Ndiyo, mapema sana. Mume wangu alikuwa hivyohivyo. Hakuwahi kunisubiri, hata barabarani alitangulia. Ndiyo maana najua ni yeye."

Fundi aliusoma ujumbe huo mara kadhaa. Hakuwa na lawama. Alijua jioni za mtu mmoja zilivyo ndefu, na alijua kwamba dawa aliyopewa yeye haina la kumfaa mtu ambaye hakuwahi kusubiriwa. Aliandika maneno mengi, akayafuta. Mwishowe akauliza swali moja, apate kujua jini limemwachia kiasi gani.

"Dada yangu, mumeo alikuwa anaitwa nani?"

Simu ilionyesha kwamba mjane anaandika. Ikaacha kuonyesha. Baada ya muda ikaonyesha kwamba anaandika tena.