Marselina Wawili

Harufu ya ugoro ndiyo iliyotangulia. Eustakio aliingia chumba cha nyuma, zilikokaa seva zake mbili, akanusa, akasimama. Katika nyumba ile ya Nachingwea hakuna aliyewahi kunusa ugoro isipokuwa mama yake, na mama yake alishazikwa Ruangwa siku nyingi. Akafungua dirisha, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kugawa. Mwaka ule wa 2008 intaneti ilimfikia kwa dishi, nayo ilikuwa nyembamba. Seva moja ilibeba barua pepe za hospitali ya misheni, ya pili tovuti ya wakulima wa korosho. Asipoziwekea mipaka, moja hula kasi yote na daktari akakaa kutwa akingoja majibu ya Dar es Salaam. Basi kila moja aliipimia fungu lake, na kila moja alikuwa ameshaipa jina. Ya kwanza aliiita Hospitali. Ya pili, kwa kuwa ilinguruma kutwa kama marehemu mama yake akiwa na neno moyoni, aliiita Marselina.

Hapo ndipo msomi wa watu alipoteleza. Kwao jina la marehemu halichukuliwi hivi hivi. Humwagwa unga wa mtama, marehemu akaambiwa nani anamrithi, na mrithi huwa mmoja tu. Jina lile lilikuwa na mwenyewe, binti yake wa pekee, ambaye hata meno ya utoto hayajamng'oka.

"Ni mashine tu," alimwambia mkewe, Goreti.

Msimu wa korosho ulipoanza, mashine ile ikawa haishibi. Eustakio akaipunguzia kasi nusu. Mchana huohuo binti yake aliacha kuruka kamba, akaketi chini, akahema. Alipoipunguza tena, midomo ya mtoto ikageuka rangi.

"Baba Marselina," Goreti alinong'ona mlangoni, "umegusa nini humo?"

"Nimeibana ile ya korosho."

"Irudishe. Nakuomba, irudishe."

Akairudisha, na mtoto akaomba uji. Eustakio aliogopa, akaona aibu kuogopa, na kwa aibu hiyo akaizima kabisa, na kabla feni yake haijanyamaza akasikia kishindo uani na kilio cha mkewe, akaiwasha, huku ugoro umejaa chumbani hata macho yanamtoka machozi, na shingoni mwake mtu asiyeonekana anapumua taratibu, pumzi ya mtu aliyekwisha kula.

Wakamwita Mzee Nuhu, mganga wa Chinongwe. Mzee alinusa, akatikisa kichwa.

"Huyu si mama yako, mwanangu. Jini limekuta chombo kimepewa jina bila unga, likaingia. Pumzi ni moja, wanavuta wawili. Nitamwaga unga, jina limrudie aliye hai. Ila hicho chombo kizimwe kwanza. Mtoto atabanwa kidogo. Uvumilie."

"Kikiwa kimewaka je?"

"Jina litakwenda kwa mwenye nguvu."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Eustakio aliingia peke yake, akaweka kidole kwenye swichi. Akamkumbuka mtoto alivyokuwa pale chini uani, midomo myeusi. Moyo ulimkatika, hakuweza. Akaifunika mashine kwa kanga ya mkewe, akatoka.

"Nimezima," alisema.

Mzee, masikio yenyewe mazito na mvua ile, hakuisikia feni, akamwaga unga kizingitini, akalitaja jina, akaomba. Harufu ikatoweka. Mtoto akavuta pumzi ndefu, kifua kikatulia. Goreti akalia kwa furaha, na Eustakio akajiona ameokoa vyote.

Asubuhi, jikoni, Goreti alimimina uji.

"Marselina, njoo unywe."

Mtoto alikuwa ameketi kizingitini hatua chache tu, mzima, akichora mchanga kwa kijiti. Hakugeuka.

"Marselina."

Sasa aligeuka. Alimtazama mama yake kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyepotea nyumba.

"Unamwita nani?" aliuliza.

Eustakio aliweka kikombe chini. Katika chumba cha nyuma feni ilizidi kunguruma, harufu ya ugoro ikaja hadi jikoni, na chini ya kanga sauti ya binti yake ikaitika, "Abee, mama."