Kiti cha Nyuma

Baba mdogo ndiye aliyeisimulia kwanza habari hii, jioni ileile ilipotokea, mbele ya bibi, akiwa bado hajavua viatu. Shangazi, dada yake, alinyamaza miaka sita. Alisema sehemu yake siku alipouza mashine yake ya kuchomelea, na aliisema mara moja tu. Nimeweka hapa yale waliyokubaliana wote wawili. Pale walipotofautiana, nimesema.

Baba mdogo alipofuka kwa surua akiwa na miaka minne. Alikuwa mpokea simu katika hospitali kubwa, na mtu akishapiga mara mbili, mara ya tatu alimjua kabla hajamaliza salamu. Mguu wake wa kushoto ulivunjika gotini ujanani ukaunga vibaya, kwa hiyo hata alipotembea sakafuni ungemtambua: hatua nzito, hatua nyepesi. Shangazi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye ndiye aliyekata baiskeli mbili kuukuu akaziunga zikawa moja ndefu, yenye viti viwili na pedeli zilizofungwa pamoja kwa cheni, hivi kwamba mmoja akikanyaga, mwenzake aliisikia nguvu ile nyayoni mwake. Usukani na breki vyote vilikuwa mbele.

Jumamosi moja kila mwezi waliipeleka kwenye barabara ya maziwa. Zamani ilikuwa barabara ya kusomba magogo. Baadaye magari yalipigwa marufuku, kwa kuwa maziwa matatu ya msituni humo ndiyo yaliyonywesha mji, ikabaki changarawe tupu kati ya miti na maji. Baba mdogo aliipenda kuliko sehemu yoyote duniani. Bila magari, alisema, angeweza kusikia hadi jani linapobadili mawazo.

"Abiria, unakanyaga au umelala?" shangazi alimuuliza asubuhi hiyo, walipokuwa wameshaliacha lango na mlinzi wake kilomita tano nyuma.

"Nakanyaga, dereva. Wewe tazama barabara, mandhari niachie mimi."

Walikuwa na utaratibu wao. Dereva hageuki nyuma, maana baiskeli ndefu kama ile, ukipinda shingo kwenye changarawe, inakwenda mtaroni. Na kwa kuwa upepo hula maneno, abiria akishakaa sawasawa humgonga dereva mgongoni mara mbili. Dereva akigongwa, huondoka. Kwa miaka tisa haukuwahi kuwaangusha.

Katika ziwa la pili, kilomita ya kumi na moja, walisimama kama kawaida. Shangazi alimpeleka nduguye hadi kwenye mti mmoja mkubwa ajisaidie, naye akarudi kujaza chupa za maji. Alipoikagua cheni na kuridhika, aliipanda baiskeli, akaishika imara kati ya miguu, akapiga kengele ili baba mdogo aifuate sauti. Akangoja. Baiskeli ikashuka kidogo kwa nyuma, uzito ukakaa. Akagongwa mara mbili mgongoni. Vidole vilikuwa vimelowa. Akadhani amenawa ziwani, akaondoka.

Walikwenda nusu kilomita.

"Abiria, mbona huna maneno leo?"

Baadaye kidogo: "Nipo."

Sauti ilikuwa ya baba mdogo. Lakini baba mdogo hakuwahi maishani mwake kujibu kwa neno moja. Ukimuuliza saa, atakueleza na ya jana. Shangazi alijiambia nduguye amechoka. Akaendelea, na katika mteremko mdogo kabla ya daraja la mbao akagundua kilichokuwa kikimsumbua, na hakikuwa maneno. Ilikuwa miguu. Miaka tisa alikuwa ameisikia miguu ile kupitia cheni, mzito, mwepesi, mzito, mwepesi, na sasa ilikanyaga sawa kwa sawa.

"Goti halikuumi leo?"

"Haliumi."

"Limeacha tangu lini?"

"Haliumi."

Hapo ndipo alipoanza kusikia harufu, harufu ya tope la chini kabisa, lile ambalo halijawahi kuona jua, ikimjia kutoka nyuma ingawa upepo ulikuwa unatoka mbele; na kwenye mlima uliofuata, ambao baba mdogo huupanda akihema na kumlaumu aliyeuweka pale, hakukuwa na pumzi yoyote, miguu tu, sawa kwa sawa, wala haikuchoka, ikamsukuma kwa kasi ambayo hakuitaka, na shangazi akawaza juu ya ule mti mkubwa, kwamba kutoka penye shina lake hadi ukingoni ni hatua nane alizozipima mwenyewe, kwamba ukingo ule hauna kizuizi wala mteremko bali unakatika na maji yanaanzia kimo cha watu wawili, na kwamba kama aliye nyuma yake si nduguye, basi nduguye yuko pale peke yake, bila macho, akisubiri kengele.

Hakugeuka. Alisema kwa sauti yake ya karakana, ile ya kuongea na wateja: "Lo, nimesahau pampu. Turudi mara moja."

Pedeli zikakaza.

Alishika breki, akateremka, akaigeuza baiskeli huku macho yake yote yako kwenye tairi la mbele. Ilikuwa nzito vilevile. Alipanda tena, akakanyaga kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa kwa ndani, mzunguko mmoja kwa mmoja, mapaja yakimtetemeka, kilomita mbili nzima, na njia yote kitu kile kilicholowa kilikuwa kimemwekea kiganja mgongoni, hakisukumi, hakivuti, kimetulia tu.

Baba mdogo alikuwa ameketi chini, amelikumbatia shina la mti kwa mikono miwili.

"Dereva! Simama hapohapo."

"Ni mimi."

"Wewe nakujua. Huyo wa nyuma ni nani?"

Ndipo shangazi alipogeuka, kwa mara ya kwanza. Kiti kilikuwa kitupu.

"Hakuna mtu," alinong'ona.

"Yupo. Sasa anavuta pumzi, kwa mdomo."

Shangazi akatazama tena. Springi za kiti kile, alizozifunga mwenyewe, zilikuwa zimebonyea hadi mwisho.

Aliilaza baiskeli chini polepole kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Akampa nduguye kiwiko, naye akaokota fimbo yake, wakaanza kutembea, bila kukimbia. Wakiwa mbali kidogo, baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuita mara tatu ulipoondoka. Ukanijibu: nipo." Shangazi hadi leo anakana. Hakusikia mtu kuita, wala hakujibu.

Walikuwa wametembea zaidi ya saa moja na nusu waliposikia changarawe nyuma yao.

"Usitazame," baba mdogo alisema. "Masikio yangu yanatosha. Fumba macho."

Waliingia pembeni, wakaupa mti nyuso zao. Baiskeli ilikuja bila haraka. Cheni ilikuwa yao. Shangazi aliijua kwa pini moja inayolia. Ilipowafikia harufu ya tope iliwajaa midomoni, na kengele ikalia mara moja, kwa adabu, kama mtu anayemsalimia jirani. Kisha ikapita.

"Wawili," baba mdogo alisema. "Na miguu yote minne mizima."

Lango walilifikia saa kumi alasiri. Mlinzi alitoka kibandani mwake akiwa na kikombe mkononi, akabaki ameduwaa.

"Nyie! Si mmeshatoka?"

"Saa ngapi?"

"Saa nane na nusu. Wewe mbele, huyu nyuma na miwani yake myeusi. Nimewaaga, hamkuitika. Nikasema, haya, leo wamegombana."

"Walielekea wapi?"

"Kwenu. Si ndiyo njia yenu?"

Nyumbani bibi alikuwa peke yake. Baba mdogo alitupa fimbo yake, akamshika dadaye begani, na sehemu iliyobaki waliimaliza karibu kwa kukimbia, mguu ule mbovu ukiburuzwa.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Mlango, ambao mchana hatukuwa tukiufunga, ulikuwa umekomewa.

"Nani?" bibi aliuliza kwa ndani.

"Ni sisi, mama."

"Na wale wamesema ni nyinyi."

Bibi akaendelea, taratibu, kama anayesoma barua: "Wamesimama hapo hapo. Wamesema, tunaomba kuingia, mama. Nikajiuliza, watoto wangu wameanza lini kuomba? Nikawaambia, subirini."

"Mama, tufungulie."

Kitasa hakikusogea. Ndipo baba mdogo alipopasuka.

"Yaani nimetembea kilomita kumi na ngapi kwa mguu huu, malengelenge kila kidole, tangu asubuhi nimekunywa maji tu, nimekumbatia mti kama kinda la nyani, nimefika kwangu nafungiwa nje? Nilisema mimi! Nilisema tangu zamani, nyumba hii anapendwa fundi vyuma, mpokea simu ni mpita njia. Haya, nilale nje. Nileteeni na mvua!"

Komeo likafunguliwa. Bibi akamvuta kwa kola.

"Huyu ni wangu," alisema. Kisha akamsimamisha shangazi kizingitini, akaichukua mikono yake, akayapitia makovu ya moto moja moja, kidole kwa kidole, mkono wa kulia, wa kushoto, akarudia wa kulia. Baba mdogo alisema ilichukua muda mrefu. Shangazi alisema ulikuwa mrefu zaidi ya safari yote. Mwisho bibi akapisha njia, bila kusema neno.

Nje hapakuwa na mtu. Kesho yake asubuhi shangazi aliikata baiskeli kwa mashine, kipande kwa kipande. Bomba la katikati, alilolifunga mwenyewe pande zote mbili kwa moto wakati akiiunga, lilimwaga maji meusi ya kujaza ndoo.

Tangu hapo, nyumbani kwetu hakuna anayesema "karibu" kwa mtu anayebisha hodi. Wa kwetu huingia tu, na akiingia hulalamika. Wageni huona tumekosa malezi. Hatuwaelezi.

Bibi alifariki kwa uzee, miaka kumi na minne baada ya siku ile. Hakuwahi tena kukaa akiwa amempa shangazi mgongo. Mlinzi aliacha kazi mwaka uleule, naye tumesikia hayupo tena duniani. Baba mdogo yu hai, amestaafu, na mguu bado unamsumbua. Shangazi yu hai. Wale wawili waliambiwa wasubiri, na hadi leo hakuna aliyewaambia, basi, msisubiri tena.