Kabla Kaburi Halijatiwa Simenti

Jioni ile tulipanda hadi Munigi, juu ya mji wa Goma, kununua makala, makaa ya kupikia. Tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe wangu Élisabeth, na binti yake wa mwisho, mdogo wa marehemu mke wangu. Jua lilikuwa limeshazama upande wa Masisi, na juu ya volkano ya Nyiragongo wingu lilianza kuwa jekundu.

Nyirakamana, muuza makala, alitufungia gunia. Kisha akamwambia mama mkwe kwa sauti ya chini:

"Ile dawa iko tayari, mama."

Ndipo nikajua kwamba hatukuja kwa ajili ya makala.

Nyumba yake ya mbao ilinuka moshi na samadi. Ndani ya sufuria vilielea vipande vya uyoga, vyenye michirizi ya buluu pale vilipovunjwa. Niliutambua. Nafundisha biokemia chuo kikuu, na uyoga ule huota juu ya mavi ya ng'ombe. Nilimweleza mama mkwe kwamba kemikali yake huketi mahali pa serotonini ndani ya ubongo, na kwa saa chache ile sehemu inayosema "mimi" hulegea. Mtu huona wafu. Wafu hawaji.

"Kambale, ile 'mimi' ikilegea, mulango iko wazi," alisema. "Nataka kuongea na mutoto wangu. Mara moya tu."

Kahambu, mke wangu, alikufa hospitalini wakati mimi nimeenda kutafuta damu na mama yake amerudi nyumbani kupika uji. Hakuagana na mtu. Kwa hiyo sikumzuia.

"Nani atakunywa?" aliuliza Nyirakamana.

Mdogo wa mke wangu aliinua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Miye. Kama hamukatai."

Alikuwa msichana wa kuomba radhi. Akifika kwetu hakugonga mlango. Aliukuna kwa ukucha mmoja, kru-kru, kisha akasubiri. Akicheka alificha meno kwa kiganja.

"Prof anaogopa!" Nyirakamana alicheka. "Masomo yote ile, na anaogopa supu ya buyoga." Kisha akaacha kucheka. "Musikie. Mukimaliza kuongea, mama yake, ao yeyote anayemujua, amuite huyu kwa jina lake mwenyewe. Akiitwa, anarudi. Bila ile, anabakia kwa nafasi ya ule aliyetoka. Inaweza kutengenezwa mupaka siku ya kutia simenti kwa kaburi. Kiisha simenti... basi."

Msichana akanywa.

Tulingoja. Makaa yalilia kwenye mbabula, jiko lake la bati. Harufu ya udongo mbichi ilijaa chumba.

Msichana akanyoosha mabega.

Akainua kichwa, akacheka, meno yote nje.

"Prof... bado unavaa hii shati? Si nilikuambia ufanye torshon ya kupanguza meza?"

Sauti ilikuwa ya mdogo. Kicheko kilikuwa cha Kahambu.

Mama mkwe alimshika mashavu akalia. Waliongea mpaka moto ukaanza kufa. Nyirakamana akamgusa bega.

"Mama, itosha. Muite."

Élisabeth alimtazama binti yule kwa muda mrefu. Nilimwona akichagua.

"Kahambu," alisema. "Twende kwetu."

Nyirakamana alimwaga sufuria nje. Hakutuaga.

Nilisema itaisha asubuhi. Haikuisha. Nikatafuta maelezo vitabuni, nikayapata: baada ya kipimo kikubwa tabia ya mtu yaweza kubadilika, mwoga akawa jasiri, na ikadumu miezi. Nilitaka sana kuridhika. Lakini aliyehamia nyumbani kwangu, mtaa wa Mapendo, alijua mahali mke wangu alipoficha sukari. Alikata vitunguu kwa mkono wa kushoto, kama yeye. Mama mkwe aliwaambia watu kwamba binti amechukua jina la dada yake kwa kumbukumbu, na wote wakaanza kumwita Kahambu. Karatasi za shule za yule mdogo na kadi yake ya mpiga kura zilichomwa kwenye mbabula yetu, siku ya kupika maharagwe.

Alikuwa na kila kitu cha mke wangu isipokuwa huruma.

"Ulipoenda kutafuta damu nilikuita," aliniambia mezani, akinimiminia maziwa. "Nilikuita mupaka sauti ikaisha. Weye ulikuwa unabishana bei na mutu wa pikipiki, eh?"

Akatabasamu.

"Mdogo wako yuko wapi?" nilimnong'oneza.

"Kwa nafasi yangu." Alipuliza chai yake. "Hakusumbua kutoka. Hata aliomba pardon."

Kesho tunaondoa matanga. Kwetu siku hiyo ndiyo ya kujengea kaburi, na mifuko ya simenti imeshapangwa barazani. Kwa hiyo leo, jua likishuka, nilikwenda makaburini peke yangu. Hapa Goma ardhi ni mawe ya volkano, hatuchimbi kwa kina. Juu ya Kahambu kuna rundo la mawe meusi tu.

Nilipiga magoti, nikangoja.

Kru-kru.

Chini ya mawe. Kisha kimya, kama cha mtu anayesubiri kuruhusiwa.

Kru-kru.

Nilifungua mdomo nimwite.

Hakukuwa na kitu.

Nilikumbuka kiganja chake juu ya meno. Nilikumbuka viatu vyake vya ubatizo. Jina, hapana. Pale jina lilipokaa palikuwa pametulia, pasafi, kama pamedekiwa. Ndipo nikakumbuka pia chai ya asubuhi, ladha yake ya udongo, na jinsi mwanamke yule alivyonitazama mpaka kikombe kikaisha.

Nikaita Masika. Nikaita Kavira, Katungu, Charline, kila jina la msichana ninalolijua. Kwa kila jina ukucha ulinyamaza kidogo, kwa matumaini. Kisha ukaanza tena.

Nilikimbia kwa mama mkwe. Nilimwomba aniambie jina la binti yake wa mwisho.

"Gani?" alisema, akichambua mchele. Hakuinua macho. "Niko na mutoto mumoja tu."

Nimeketi kuandika yote haya nikitumaini kwamba jina litatoka lenyewe kwenye kalamu, mahali fulani, nikiwa sitazami. Nimerudi mwanzo, nimesoma mstari kwa mstari.

Halimo.

Kama ulisoma naye, kama uliwahi kuketi naye benchi moja kanisani, nenda kalitaje pale penye mawe. Waashi wanaanza asubuhi.

"Prof," anaita kutoka jikoni, akicheka. "Chai inapoa."